Ramani Iliyotoka Kijivu

Mabati kumi na manne ya Bibi Andongwisye yalifika mjini Kyela kabla ya mwenyewe. Yaliletwa na guta la magurudumu matatu, yamefungwa kwa kamba za mgomba, juu yake mlango wa mbao ukiwa bado na bawaba zake, na juu ya mlango sufuria mbili na jogoo aliyefungwa miguu. Prisca alikuwa anafua. Dereva wa guta alimuuliza kama hapa ndipo kwa Ezekiel wa mashine ya kukoboa mpunga, na alipojibiwa ndiyo akaanza kushusha mzigo bila kusubiri kuonyeshwa pa kuuweka.

Mama mkwe mwenyewe alifika baada ya saa nzima, kwa miguu kutoka stendi, kapu kichwani na Biblia kwapani. Aliwasalimia wapangaji wote waliokuwa uani, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusema kwamba nyumba yake ya Kasyunguti haina paa tena. Aliiezua jana. Vijana wa kwaya walimsaidia.

Prisca alijua habari ya kuhama, kama watu wote wenye ndugu upande ule wa Ndandalo. Mwaka uliopita mto ulikuwa umeacha njia yake na kuchukua nyumba tatu na shamba zima la kokoa. Wataalamu wakaja, wakapima, na sasa ramani ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Walio ndani ya ukanda wa mto watoke kabla ya masika. Atakayebomoa mwenyewe atachukua vifaa vyake, atakayengoja kubomolewa asimlaumu mtu. Lakini Prisca hakujua kwamba nyumba ya mama mkwe wake, ambayo ilikuwa mbali na mto kiasi cha mtu kuchoka akiteka maji, ilikuwa imo.

Ezekiel aliporudi kutoka mashineni, nywele na nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la pumba, alisimama mbele ya mabati yale.

"Nilikuambia kwenye simu usubiri, mama."

"Uliniambia nisubiri. Hukuniambia mpaka lini." Bibi Andongwisye aliyavuta magoti yake pamoja. "Sikutaka serikali inikute ndani. Baba yako hakuwahi kukutwa na serikali."

Walikuwa wamepanga vyumba viwili. Ezekiel na Prisca walilala kimoja. Cha pili kilikuwa sebule, na binti yao Nancy, wa miaka minane, alilala humo kwenye kochi. Godoro la bibi liliwekwa sakafuni, kati ya kochi na kabati la vyombo, na kila asubuhi lilikunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango.

Bibi Andongwisye hakuweza kukaa. Alikuwa mtu wa kuamkia migombani, na pale mjini hapakuwa na mgomba hata mmoja. Alifagia uwanja wote, akafagia na mbele ya milango ya wenzao, akahamisha beseni la mpangaji mmoja ili afagie chini yake, na mpangaji yule akatoka na kuuliza kwa sauti nani kagusa nguo zake. Siku ya pili aliosha sufuria ambazo Prisca alikuwa ameziosha. Siku ya tatu alikwenda stendi na kurudi, akaenda tena na kurudi, na alipoulizwa alisema alikuwa anatafuta mtu yeyote aliyetoka Kasyunguti, amuulize kama huko mvua imenyesha. Kuta zake zilikuwa za matofali mabichi. Hazikuwa na kofia sasa.

Choo kilikuwa kimoja kwa kaya tano. Alingoja foleni akiwa amefunga kanga mbili, akimpisha kila aliyekuja, hata watoto. Prisca alimsikia akimuuliza Nancy kwa sauti ya chini kama maji ya kwenye ndoo ya bluu yanaruhusiwa. Mwenye nyumba naye alipita, akayatazama mabati yaliyoegemezwa ukutani, akasema kwa upole kabisa kwamba vyumba alipangisha kwa watu watatu, na kwamba yeye hana neno, anakumbusha tu.

Kilichomsumbua zaidi bibi hakukitaja ila mara moja. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, kati ya migomba. Alimuuliza Ezekiel kama tangazo la serikali lilisema lolote kuhusu makaburi. Ezekiel alisema hajui. Tangu hapo hakuuliza tena, lakini alikuwa akitoka nje kila mara na kutazama mbingu za upande wa ziwani.

Ijumaa asubuhi Prisca alifungua steshenari yake kama kawaida. Kilikuwa chumba chembamba karibu na soko, chenye kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi, na rafu ya madaftari. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la suti juu ya shati lisilo na kola. Aliitwa Hezroni, naye alikuwa mkulima wa kokoa wa Kasyunguti hiyo hiyo. Alitaka kuandikiwa barua ya kuiomba wilaya iwaongezee muda wa kuhama.

Aliisema barua yake akiwa amesimama, mikono nyuma, na Prisca akaichapa. Alisema wao ni kaya ishirini na sita. Alisema wamekaa pale tangu kwa babu zao. Kisha akasema kwamba wengi wameezua nyumba zao kwa sababu ya mwanamke mmoja mzee aliyekurupuka kuezua ya kwake, na wengine wakamfuata kwa hofu, na sasa wanalala darasani kama wakimbizi.

"Jina lake niliandike?" Prisca aliuliza. Vidole vilikuwa juu ya vibonye.

"Usiandike. Ni mjane. Lakini ndiye aliyetuvuruga."

Hezroni hakumjua Prisca. Alikuwa ameolewa mjini, na kule kijijini alikwenda kwa misiba na Krismasi. Mzee alitoa kwenye koti lake mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya ramani, alitaka iambatanishwe na barua. Prisca aliikunjua juu ya meza.

Ilikuwa kazi yake. Wiki tatu nyuma mtendaji wa kijiji, kijana wa Bukoba aitwaye Leonce aliyepangiwa kazi Kyela, alikuja na flashi yenye ramani hiyo. Aliichora mwenyewe kwenye programu ya kuandikia barua, kwa vipimo alivyoachiwa na wataalamu, kwa kuwa kijiji hakikuwa na programu ya ramani. Maumbo aliyajaza kwa michoro ya tayari inayopatikana humo ndani: vidoti kwa wanaotakiwa kuhama, mistari ya mshazari kwa wanaobaki ila wasiongeze majengo. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Kwenye karatasi vidoti na mistari vilikuwa vimegeuka kijivu kimoja, kama mtu aliyepangusa majivu kwa kiganja. Na visanduku vya ufunguo wa ramani, pale chini, navyo vilikuwa kijivu hicho hicho.

Prisca aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Leonce alikuwa na haraka, alikuwa anawahi gari la Mbeya, kwenye semina. Karatasi ilipotoka Prisca aliitazama na kuona kwamba haikutoka sawa. Aliona. Foleni ilikuwa ya watu wanne, wino ulikuwa unaelekea mwisho, na yeye alisema, "Kwenye kioo iko sawa, ukiipeleka kwenye mwanga itaonekana." Leonce akagonga muhuri pale pale, juu ya meza yake, akachukua nakala kumi na kuondoka.

Alimwomba Hezroni arudi saa tisa. Mzee alipotoka, Prisca aliweka kibao cha NIMEFUNGA na kulitafuta faili kwenye kompyuta. Lilikuwepo. Alilifungua, akalikuza, akafuata kwa kidole barabara ya kutoka kanisani, daraja la miti, kona ya kisima, mpaka kwenye kisanduku kidogo kisicho na jina ambacho hakingeweza kuwa kingine. Kilikuwa katikati ya mistari. Alihesabu. Vidoti vilikuwa na nyumba saba. Mistari ilikuwa na nyumba kumi na tisa.

Alijaribu kuchapa tena. Kijivu. Akabadilisha wino, akazima hali ya kubana wino, akatumia karatasi nzito ya vyeti. Kijivu. Akageuza faili kuwa aina nyingine na kulichapa. Safari hii kijivu kilikuwa chepesi zaidi, basi. Mwishowe alimpigia Jubilate, fundi wa Mbeya aliyemuuzia kompyuta. Jubilate alicheka kidogo, akasema hilo ni tatizo la zamani. Michoro ile ya tayari hupimwa kwa nukta, si kwa sentimita. Nukta za kioo ni chache na kubwa, za printa ni mia sita katika inchi moja. Kwa hiyo mstari unaouona mnene kwenye kioo, printa huuchora mwembamba kama unywele na kuubananisha na mwenzake, jicho likaona moshi tu. Aidha aishushe printa ichape kwa nukta chache, au aiache michoro ya tayari na achore mistari yake mwenyewe.

Printa yake ilikataa kushuka. Basi akachora. Alifuta ujazo wote, akaweka mstari mmoja, akaunakili, akausogeza, akaweka mwingine. Vidoti alivitengeneza kwa duara ndogo nyeusi, moja moja, akizipanga ndani ya mpaka wa mto. Watu waligonga mlango, hakuitikia. Saa nane na nusu printa ilitoa karatasi, na hata mtu wa mbali angeona: huku vidoti, huku mistari. Nyumba moja ya vidoti, iliyokuwa karibu kabisa na maji, ilikuwa pembeni mwa shamba refu la kokoa. Prisca hakujua ilikuwa ya nani.

Hezroni aliporudi alimwambia mashine imeharibika, barua ataipata Jumatatu. Mzee alimtazama, akasema ndaga, asante ya kwao, akaondoka. Alikuwa ametoka Kasyunguti kwa miguu mara mbili siku hiyo.

Alasiri ile Prisca alimkuta Leonce kwenye ofisi ya kijiji, chumba chenye meza moja na bendera iliyokunjwa. Prisca aliweka karatasi mbili mezani, ya kwanza na ya pili. Kijana alizitazama, akasimama, akafunga mlango, akakaa tena.

Alikuwa hajawahi kuitazama ile ya kwanza ikiwa ukutani, ndivyo alivyoeleza. Nakala alizituma kijijini, na semina ya Mbeya ilimrudisha juma hili tu. Aliyeisoma mbele ya watu ni Yakobo, mwenyekiti wa kitongoji, naye alipoona yote ni kijivu akasema basi ni wote, serikali haina utani na mto. Leonce aliporudi akakuta watu wanaezua. Alifurahi. Alidhani wananchi wameelewa somo.

"Wangapi wa mistari wameezua?" Prisca aliuliza.

"Kumi na mmoja." Alikuwa na miaka ishirini na minane na ilikuwa ajira yake ya kwanza. "Ile karatasi ina muhuri wangu, dada."

Kisha akasema polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo, kwamba kuna njia. Jumatatu ataitisha mkutano. Atabandika ramani mpya na kusema mpango umefanyiwa marekebisho. Kila mpango hufanyiwa marekebisho. Waliobaki watabaki, walioezua watarudi, hakuna atakayeuliza habari ya printa. Na hakuna atakayeacha kuchapa kwake.

"Na walioezua wakiuliza kwa nini waliezua?"

"Tutasema walifanya haraka. Si walifanya haraka?"

Prisca aliichukua ile ramani ya zamani, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. Ile mpya alimwachia.

Alimweleza Ezekiel kule mashineni, nje kwenye lundo la pumba, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mahali pa kusema jambo. Ezekiel alimsikiliza akiwa amechuchumaa. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yao na ilibidi amwambie mara mbili.

"Uliiona imetoka vibaya?"

"Niliiona."

Ezekiel alizoa pumba na kuziachia, akazoa tena. Alisema mtendaji ana akili. Mama atarudi kwake, na hilo ndilo linalotakiwa. Alisema kama Prisca atasimama mbele ya kijiji, wataanza kusema mke wa Ezekiel ndiye aliyewabomolea nyumba, na hawatasema mwaka mmoja, watasema mpaka Nancy aolewe. Alisema pia, bila kumtazama, kwamba mama hatakiwi kujua.

"Wanasema ni yeye," Prisca alisema. "Wanasema yeye ndiye aliyewavuruga. Mzee mmoja aliniambia niandike hivyo kwenye barua. Nikaandika."

Mume wake alijipangusa pumba mikononi. Kuna mtu alimwita ndani, gunia la mteja lilikuwa limepasuka, akainuka na kwenda. Prisca alibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Jumamosi na Jumapili walipishana mlangoni kama wapangaji. Jumapili mchana mvua ilinyesha Kyela, kubwa, yenye upepo kutoka ziwani, na Bibi Andongwisye akasimama chini ya upenu kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho. Nancy alimpelekea kiti. Hakukikalia.

Mkutano ulifanyika Jumatatu saa nne kwenye ghala la mpunga la kijiji, kwa kuwa madarasa mawili yalikuwa na watu na magodoro. Bibi Andongwisye alivaa gauni la kanisani. Ezekiel aliomba ruhusa kazini akaja, akakaa upande wa wanaume karibu na mlango.

Leonce alisoma kwa sauti nzuri. Alisema ofisi imepitia upya mpango na kuufanyia marekebisho kwa kuzingatia maslahi ya wananchi. Alibandika ramani mpya. Watu walisogea, wakaitazama, na kelele zikaanza taratibu. Kwanza za furaha, maana kila mmoja alitafuta nyumba yake na kuitaja, kisha za namna nyingine. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema ukuta wake umeanguka jana na mvua. Mwingine akasema ameuza mlango wake. Sasa marekebisho yana maana gani kwake, na nani aliyemwambia aezue?

"Tangazo lilitoa muda mpaka masika," Leonce alisema. "Waliotangulia walitangulia kwa hiari yao."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka upande wa wanawake, na Hezroni, aliyekuwa ameketi mbele na koti lake, akageuka pia. Bibi Andongwisye aliinuka. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema kwa Kinyakyusa kisha kwa Kiswahili, ili mtendaji aelewe, kwamba ni kweli yeye alikuwa wa kwanza. Aliona karatasi ya serikali akaiogopa. Kama kuna mtu aliyelala nje kwa sababu ya haraka yake, anamwomba radhi. Alianza kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akishikilia bega la mwanamke aliyekuwa mbele yake kwa sababu goti la kulia lilikuwa bovu.

"Mama, usipige magoti," Prisca alisema.

Alikuwa amesimama bila kujua ameinuka saa ngapi. Alitoa ile karatasi mkobani, akaenda mbele, akaishika kando ya ramani mpya. Sauti yake mwanzoni haikufika nyuma, wakamwambia aongeze. Akaongeza. Alisema hakuna marekebisho. Mpango ni ule ule tangu siku ya kwanza, nyumba saba ndizo za kuhama. Karatasi ndiyo iliyotoka vibaya kwenye mashine yake, vidoti na mistari vikawa kijivu, na mtu aliyesoma kijivu hawezi kulaumiwa, wala aliyeiogopa.

Yakobo, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene mwenye kutafuta maneno, alisimama.

"Mashine ni kitu kisicho na macho. Wewe ilipotoka uliiona?"

Ezekiel alikuwa anaangalia viatu vyake. Prisca angeweza kusema hapana, hakuna ambaye angemkanusha.

"Niliiona. Kulikuwa na watu wanangoja. Nikasema itaonekana kwenye mwanga."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitoa sauti kooni, kama mtu aliyemeza mfupa. Leonce alisimama, akatazama karatasi zake za hotuba ambazo hazikuwa na msaada tena, akasema kwamba muhuri aligonga yeye, na alipogonga hakutazama. Alisema ataandika hivyo wilayani. Akakaa, akaiweka mikono chini ya mapaja.

Hezroni ndiye aliyekwenda mbele. Aliisogelea ramani mpya mpaka pua ikakaribia kuigusa, akafuata mpaka wa mto kwa ukucha, akausimamisha pembeni mwa shamba refu la kokoa, juu ya vidoti.

"Hapa ni kwangu," alisema. Akageuka kuwatazama watu waliokuwa wakijipanga kwa makundi tayari, wa mistari wakipeana mikono. "Jana tulikuwa ishirini na sita. Leo tuko saba."

Alitoka nje. Barua yake hakuja kuichukua.

Bibi Andongwisye alirudi Kasyunguti siku iliyofuata. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelainika na kubomoka mpaka usawa wa dirisha, lakini kaburi lilikuwa salama chini ya majani ya migomba. Mabati yalirudishwa. Ezekiel na wenzake wa mashineni walipiga misumari siku nzima, upande wa nyuma ukishikiliwa na nguzo, na Prisca alikanyaga udongo na majani makavu kwa ajili ya matofali, sketi ameikunja, pamoja na wanawake ambao hawakumsemesha. Hapakuwa na ugomvi. Walipohitaji maji walisema "maji" bila kumtaja jina. Mjini, katika juma lile, wateja wa kutoka upande ule walipita mbele ya steshenari yake na kuingia ya jirani.

Mama mkwe naye hakusema naye. Alisema kupitia kwa Nancy: mwambie mama yako chakula kiko tayari, mwambie mama yako alete jembe. Ilikuwa hivyo Jumamosi ya kwanza na Jumamosi ya pili. Prisca alikuja kila mara, akafanya kazi mpaka alasiri, akarudi mjini na malengelenge.

Jumamosi ya tatu ukuta ulikamilika. Bibi Andongwisye alitandika mkeka barazani, akamwita Nancy, akamtuma kwa jirani. Walipobaki wawili, alisema:

"Unayo ile ramani?"

Prisca alitoa mkobani nakala ya ile mpya. Bibi aliiweka juu ya mapaja, akaigeuza, akaigeuza tena. Aliuliza kanisa liko wapi, Prisca akamwonyesha. Aliuliza kisima. Kisha akaweka kidole chake, chenye kucha iliyojaa udongo, juu ya mistari.

"Hapa ni sisi?"

"Ndiyo, mama."

"Na Hezroni?"

Prisca alimwonyesha. Bibi Andongwisye alivitazama vidoti. Alisema wale wengine sita wana watoto mjini au ndugu kule Ipyana, wameshapata pa kwenda. Hezroni mwanawe yuko Zambia na hapigi simu. Serikali imemwonyesha kiwanja huko juu, kwenye changarawe, mahali ambapo mgomba hauwezi kushika. Alisema migomba ya upande wa mashariki, kutoka kisimani mpaka kwenye mti wa mparachichi, ni mingi kwa mwanamke mmoja mwenye goti bovu. Kuna nafasi ya nyumba.

"Ni kwenye mistari, mama. Ufunguo unasema wasiongeze majengo."

"Basi utamuuliza yule kijana wa muhuri. Akikataa, Hezroni atakaa kwenye nyumba hii na mimi nitalala jikoni. Jiko lipo tayari, halijaongezwa." Alimrudishia karatasi. "Nenda ukamwambie."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Aliambiwa habari mbaya na wewe."

Prisca aliteremka kwa njia ya kokoa. Hezroni alikuwa mbele ya nyumba yake, amevua koti, anachimbua machipukizi ya migomba na kuyapanga kwenye gunia, udongo wake ukiwa bado umeshika mizizi. Alimwona tangu mbali na hakuacha kuchimba. Prisca alisalimia kwa adabu, akachutama kidogo kama inavyopasa kwa mzee, na mzee akaitikia bila kuinua kichwa. Mto ulisikika karibu mno, nyuma tu ya nyumba.

Aliusema ujumbe wote kama alivyopewa, pamoja na kisima na mparachichi, na jiko. Alipomaliza alibaki amesimama juani. Hezroni alichimbua chipukizi moja, akakung'uta udongo, akalichunguza, akaliweka guniani. Akachimbua la pili.

"Nani kakutuma?"

"Mama."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza kama asingekutuma."

"Nisingethubutu, baba," Prisca alisema.

Mzee alichomeka jembe ardhini na kunyoosha mgongo. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ghala; akatazama miguu yake iliyokuwa na udongo wa matofali mpaka kwenye ugoko, na mikono yake. Kisha akafungua mlango wake, ambao bado ulikuwa kwenye bawaba, akatoa kigoda na kukiweka kivulini.

"Kaa," alisema. "Uliseme tena ukiwa umekaa. Habari kama hiyo haipokewi mgeni akiwa amesimama."